Filta ya hewa ya kuosha: inafaa kwa vumbi letu au tunaua injini?

#1 Mpanda_Kitonga
Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Allion ya 2004, injini 1NZ, cc 1500. Naishi Dar lakini kila mwezi naenda shambani Mufindi, na kutoka lami hadi shambani ni kilomita 38 za vumbi tupu, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye soksi. Filta ya hewa ya karatasi, wengine mnaita eaklina, nanunua elfu 20. Safari tatu tu imekuwa rangi ya tofali.

Jana kwenye maduka ya Gerezani hapa Dar muuzaji mmoja kanionyesha filta ya kuosha, ile ya pamba nyekundu yenye wavu wa waya. Bei 220,000. Anasema sitanunua filta tena maisha yangu yote, gari itapumua, itapanda mlima Kitonga bila kushusha gia, na mafuta yatapungua. Nilikuwa na hela mfukoni, nikarudi nazo nyumbani. Kilichonizuia ni kimoja: nilipoiinua juani niliona mwanga unapenya kwenye vitundu. Kama mwanga unapita, vumbi la Mufindi litashindwa vipi?

Waliofunga, naomba mseme ya kwenye gari zenu.

#2 Jirani_wa_Sinza
Naweka mkeka hapa. Na mimi nilitaka kununua mwisho wa mwezi.

#3 Turbo_Kavu
Funga mkuu, usiogope. Mimi ninayo kwenye Forester ya turbo mwaka wa tano huu. Gari iliamka siku hiyo hiyo. Ukikanyaga unaisikia kabisa inavuta pumzi. Hizi ni kazi za Wajapani, wale hawabahatishi.

#4 Fundi_wa_Ilala
Kijana wa #3, si za Wajapani. Walioueneza mtindo huu ni K&N, Wamarekani walioanzia Riverside, California. Walianza 1969, Ken Johnson na Norm McDonald, na walikuwa watu wa mbio za pikipiki. Hilo la pikipiki ulikumbuke, maana linaeleza filta yenyewe ilitengenezwa kwa shida gani.

Mleta mada, swali lako la mwanga ni zuri. Pamba ile haichuji kama chujio la chai. Ni tabaka kadhaa za pamba zilizobanwa kati ya nyavu mbili, halafu zinapakwa mafuta maalumu yanayonata. Punje ya vumbi inapita inapinda, inagonga uzi wenye mafuta, inanasa. Kwa hiyo kazi inafanywa na mafuta. Ikikauka, imebaki chandarua.

Sasa niseme nilichokiona mwenyewe. Nimefungua injini nyingi zilizokufa kwa vumbi, silinda zimelika juu, ringi za pistoni zimekuwa nyembamba kama wembe, moshi wa bluu. Nyingi hazikuwa na filta ya kuosha. Zilikuwa na filta ya karatasi ambayo kila wiki inatolewa na kupigwa upepo wa kompresa. Ule upepo unatoboa karatasi matundu usiyoyaona kwa macho. Mwenye gari anafurahi filta imekuwa nyeupe, kumbe ameifungulia mlango.

#5 Mpanda_Kitonga
Mzee wangu, nimeshtuka. Yangu inapigwa upepo kila nikirudi safari. Kijana wa gereji ananifanyia bure na mimi namshukuru.

#6 Mtambo_Kanda_ya_Ziwa
#4 amesema neno ambalo natamani kila dereva alisikie.

Nafanya kazi ya matengenezo ya mitambo mgodini. Mtambo mkubwa una filta mbili, moja imekaa ndani ya nyingine. Ya nje inabadilishwa ikifika wakati, na wakati huo hausomwi kwa rangi wala kwa macho, unasomwa kwenye geji ya mvutano iliyo kwenye bomba. Ya ndani ni ya usalama: haioshwi, haipulizwi, haiguswi hovyo. Wakati wake ukifika inatupwa.

Jambo ambalo watu hawaliamini: filta ya karatasi ikiwa na vumbi kiasi inachuja vizuri kuliko ikiwa mpya. Vumbi la kwanza linalala juu ya karatasi na kuwa tabaka jingine la kuchujia. Hewa inapita kwa shida kidogo zaidi, lakini punje ndogo hazipiti. Na hizo ndogo ndizo adui, kama mikroni 5 hadi 20, wakati unywele wa mtu ni kama 70. Zinaingia kwenye nafasi ile ile ambayo utando wa oili umekaa, kati ya ringi na silinda, zinasaga kama msasa.

Sisi tunapeleka sampuli ya oili maabara. Vumbi likiingia, silikoni inapanda, baada ya muda chuma nayo inapanda. Mara ya mwisho nilipoona hivyo filta zote zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa klampu iliyolegea kwenye bomba lililo MBELE ya filta, upande wa injini. Hewa chafu ilikuwa inaingia bila hata kuisalimia filta.

#7 Hesabu_za_Barabara
Niongeze kipimo ili watu waone uzito wa jambo. Petroli inaungua vizuri kwa uwiano wa takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Lita moja ya petroli ni kama gramu 740, inataka kama kilo 11 za hewa. Hiyo ni kama lita 9,000. Tenki la lita 50 limekula hewa mita za ujazo 450, yaani vyumba 16 hivi vya mita 3 kwa 3 vyenye dari ya mita 3, vyote vimepita kwenye kile kipande cha karatasi cha elfu 20.

Kwa hiyo tofauti ndogo ya uchujaji si ndogo. Tuchukue filta mbili kwa mfano tu: moja inakamata 99 katika kila 100, nyingine 97. Wauzaji watasema zinakaribiana. Ila inayopita kwa injini ni 1 kwa 3. Mara tatu.

#8 Turbo_Kavu
Hesabu, umetoa vyumba 16 mpaka nimeanza kuionea huruma Forester. Lakini miaka mitano sasa na oili haipungui. Hilo mnalielezaje?

#9 Hesabu_za_Barabara
Unaendesha wapi?

#10 Turbo_Kavu
Mbezi, Posta, Mbezi. Mara moja moja Bagamoyo.

#11 Hesabu_za_Barabara
Basi umejijibu, mkuu. Lami kavu na bahari pembeni.

#12 Mama_Vitz
Habari zenu. Mimi nafanya teksi ya kwenye simu, kwa hiyo kila shilingi naiandika. Naomba tuache injini kidogo tuhesabu hela.

Filta ya kuosha 220,000. Dawa ya kuoshea na mafuta yake, chupa mbili, niliambiwa 85,000. Jumla 305,000. Filta yangu ya karatasi ni 15,000 na nabadilisha mara tatu kwa mwaka, 45,000. Nitahitaji karibu miaka saba hela irudi. Vitz hii sidhani kama nitakuwa nayo miaka saba.

Kwa mleta mada, kama angebadilisha ile ya elfu 20 kila mwezi, 240,000 kwa mwaka, hesabu inageuka. Lakini #6 kasema huenda hata hana haja ya kubadilisha kila mwezi. Au nimemwelewa vibaya?

#13 Mtambo_Kanda_ya_Ziwa
Umenielewa vizuri dada. Kung'uta kwa mkono, taratibu, upande mchafu ukiangalia chini, inatosha kutoa vumbi zito. Kila ukifungua kasha unaangusha vumbi upande safi. Anayefungua kila wiki anajidhuru kuliko anayefungua kila baada ya miezi mitatu.

#14 Probox_ya_Kajiado
Wadau, salamu kutoka Kenya. Mimi hubeba mboga na mbuzi Kajiado, barabara za ndani kabisa kwenye ranchi. Nilinunua ya kuosha Kirinyaga Road, ile tunaita Grogan. Sikuambiwa mambo ya mafuta maalumu. Fundi akaniambia osha na petroli, kausha na kompresa, paka oili ya injini. Nikafanya hivyo mara mbili.

Mara ya pili gari ikaanza kukohoa ikiwa baridi, silensa, yaani mngurumo bila kukanyaga, inapanda na kushuka, taa ya injini ikawaka. Mashine ikasoma P0171, kwamba hewa ni nyingi kuliko petroli. Nikabadilisha plagi, nikaosha nozeli, nikatumia pesa ya mbuzi mzima. Mwisho mtu mmoja Kitengela akatoa ile sensa ya MAF, inayopima hewa, kwenye bomba akanionyesha waya wake: umepakwa oili na vumbi limegandia juu kama manyoya. Akaupuliza dawa yake ya kusafishia, gari ikarudi.

Na pamba nayo ilikuwa imefunguka pembeni. Kompresa ilikuwa imesukuma nyuzi zikaachana.

#15 Fundi_wa_Ilala
Pole sana ndugu yangu. Uliambiwa makosa matatu kwa siku moja. Petroli inaharibu mpira wa ukingoni, kompresa inapasua pamba, na oili ya injini haikai kwenye uzi, inavutwa yote.

Kwa wasioijua sensa ile: ni waya mwembamba unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, kontrolboksi (kompyuta ya injini) inapima umeme unaohitajika kuurudisha kwenye joto lake, inajua hewa kiasi gani imeingia. Ukifunikwa na uchafu, hewa inashindwa kuupoza vizuri. Kontrolboksi inadhani hewa ni kidogo, inanyunyiza petroli kidogo. Ndiyo P0171 yako.

#16 Turbo_Kavu
Hapo niwatetee kidogo. K&N wenyewe wanakana kwamba mafuta ya filta yao yanaharibu sensa. Wanasema filta iliyopakwa kwa kipimo haitoi mafuta. Na mimi yangu naosha kwa dawa yake, naikausha kivulini siku nzima, sijawahi kuwasha taa.

#17 Fundi_wa_Ilala
Inawezekana kabisa. Wanaoletwa kwangu ni wale waliozidisha. Mtu anaona vumbi lake ni baya kuliko la wengine, anapaka mara mbili ili imlinde mara mbili. Hamna anayekuja gereji kusema sensa yangu ni nzima.

#18 Maskati_Ruwi
Assalaam alaykum. Niko Oman mwaka wa 14, tuna Land Cruiser ya kwenda jangwani. Huku vumbi ni la aina mbili, ule mchanga wenyewe, na ule unga unaoelea baada ya upepo. Mchanga si tatizo, unaanguka chini ya kasha. Unga ndio mtihani.

Jamaa zangu wengi walijaribu za pamba wakazirudisha dukani, wamebaki na karatasi na snokeli, lile bomba la kuvuta hewa kutoka juu, yenye kichwa cha kuzungusha hewa, ambacho kinatupa vumbi zito nje kabla halijafika. Wengine wanavisha kichwa kile soksi ndefu ya kike, wanaifua jioni, asubuhi wanaivisha tena. Mke wangu alicheka wiki nzima aliponikuta dukani nachagua soksi.

#19 Jirani_wa_Sinza
Ami, na rangi ulichagua?

#20 Maskati_Ruwi
Nyeusi, inaficha vumbi.

#21 Nyanda_za_Juu
Nimesoma yote. Naona tumesahau nusu ya swali: Kitonga. Mleta mada anataka nguvu.

Dar uko usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 101. Iringa mjini uko juu kama mita 1,600, shinikizo limeshuka kama asilimia 17. Mufindi unapanda zaidi. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho, na hakuna filta ya kukurudishia.

Filta safi ya karatasi inazuia hewa kiasi gani? Kwa gari ndogo, ni kama kilopaskali moja, mara nyingi chini ya hapo. Ukiitoa filta yote ukaitupa, umepata asilimia moja. Kitonga inakunyang'anya kumi na kitu.

#22 Turbo_Kavu
Lakini nilihisi tofauti, mkuu. Sikuota.

#23 Nyanda_za_Juu
Sisemi umeota. Una turbo, na turbo inavuta hewa nyingi zaidi, kwa hiyo kizuizi kidogo kinaigusa. Pia filta uliyotoa ilikuwa na umri gani? Ukilinganisha karatasi iliyoziba na pamba mpya, hata karatasi mpya ingekupa ushindi huo. Na sauti: ukisikia mvumo unaona gari imekuwa nyepesi.

#24 Turbo_Kavu
Iliyotoka ilikuja na gari kutoka Japani. Kwa hiyo sijui umri wake. Hapo umenipata.

#25 Mlima_Nyoka
Na mafuta je? Mimi IST yangu ilikuwa inakwenda kilomita 12 kwa lita, nimefunga ya kuosha sasa inakwenda 14. Nimepima mara tatu, Mbeya hadi Makambako na kurudi.

#26 Hesabu_za_Barabara
Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ilijaribu jambo hili, ripoti ikatoka 2009. Walichukua magari ya petroli ya siku hizi, wakaziba filta makusudi. Ulaji wa mafuta haukubadilika kwa maana yoyote. Kilichoshuka ni kuchomoka kwa gari ukikanyaga. Sababu ni rahisi: kontrolboksi inapima hewa iliyoingia na kutoa petroli inayolingana. Hewa ikipungua, na petroli inapungua, wewe unaongeza mguu. Kwenye gari la zamani la kabureta ndiko filta iliyoziba inakula mafuta.

Mlima_Nyoka, siku unafunga ile filta ulibadilisha kitu kingine?

#27 Mlima_Nyoka
Plagi, na niliosha throto. Lakini plagi za zamani hazikuwa mbaya hivyo.

#28 Mama_Vitz
Kaka, throto chafu peke yake inaweza kukupa hizo mbili. Mimi nimeiona kwangu.

#29 Mlima_Nyoka
Sikubali moja kwa moja. Nitarudisha ya karatasi niende Makambako tena, plagi zikiwa hizi hizi. Nitaleta majibu.

#30 Boda_wa_Kahama
Naomba kuuliza, filta ya sponji iliyopakwa oili kama za pikipiki za porini haiwezi kukatwa ikatosha kasha la gari? Sisi huku sponji ikichakaa kuna wanaokata kipande cha godoro.

#31 Fundi_wa_Ilala
Mwanangu, sponji ya filta na ya godoro zinafanana kwa macho tu. Ya filta matundu yake yameunganishwa kwa kipimo, na haiyeyuki ikipakwa oili. Ya godoro inavunjika vipande vidogo na vipande vinaingia kwenye kabureta. Usiweke kitu cha kulalia kwenye injini inayokulisha.

Sponji zenyewe ni nzuri kwa vumbi, tena watu wa mbio za matope na mchanga wanazipenda. Ila zinataka kuoshwa mara kwa mara, na dereva wa gari hana moyo huo.

#32 Mtambo_Kanda_ya_Ziwa
Mleta mada, kabla hujanunua chochote fanya hivi. Toa filta. Chukua kitambaa cheupe kilicholowa kidogo, pangusa NDANI ya bomba upande wa injini, baada ya filta. Kikitoka cheupe au na weusi kidogo wa mafuta, uko salama. Kikitoka chekundu, vumbi linapita, na hapo usilaumu karatasi kwanza. Angalia mpira wa ukingo wa filta umebana pande zote, angalia klipu za kasha, klampu, na bomba kama lina ufa chini ya mikunjo.

#33 Mpanda_Kitonga
Wakuu, nimefanya kipimo cha kitambaa asubuhi hii. Kimetoka chekundu.

Nikalala juu ya injini na tochi. Klipu moja ya kasha, ile ya nyuma inayotazama betri, haipo kabisa. Kona hiyo imeinuka kiasi cha kuingiza ukucha, na ukingo wa filta pale umekuwa na mstari wa vumbi umeingia hadi ndani. Sijui imeanza lini. Oili yangu imekuwa ikipungua kama robo lita kati ya sevisi na sevisi, nilikuwa najipa moyo kwamba ni umri.

Nimekaa kwenye ndoo hapo uani nikaliangalia gari kwa muda. Gari hili lilimpeleka marehemu mama hospitali, sipendi kulitesa.

#34 Fundi_wa_Ilala
Usijilaumu, robo lita bado si kifo. Likikaguliwa mapema linaendelea. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, uone kama inapumua moshi. Kama haipumui, una miaka mingi mbele. Klipu tafuta Gerezani kwenye maduka ya mitumba, nenda na kasha lenyewe mkononi, usiende na maneno.

#35 Probox_ya_Kajiado
Na usiache kuosha ile waya ya MAF, kama vumbi limepita huko basi limeigusa.

#36 Turbo_Kavu
Mimi bado nasema ya pamba ni nzuri kwa anayekaa lamini na kuitunza. Lakini kwa kona iliyoinuka hivyo, hata mngefunga blanketi.

#37 Nyanda_za_Juu
Kuna jambo halijaguswa. Gari nzito kwenye mlima inaweza kuwa kichujio cha ndani ya egzosi kimeziba, hasa kama limekuwa likila oili. Moshi wa oili unakiziba pole pole. Hewa ikishindwa kutoka, na ya kuingia haiingii.

#38 Mpanda_Kitonga
Nimepata kasha zima la mtumba, klipu zote nne, elfu 25. Nimeweka karatasi mpya, nimepaka grisi kidogo kwenye ukingo, na sensa imesafishwa. Moshi kwenye kifuniko cha oili upo, mdogo. Fundi wangu anasema ni kawaida, mwingine kasema ringi zimeanza. Egzosi sijaigusa.

Jumamosi alfajiri naondoka kwenda Mufindi. Kitambaa kipya nimekikunja kwenye droo ya gari. Nikifika shambani nitapangusa kabla injini haijapoa, nipige picha.

#39 Mlima_Nyoka
Safari njema. Beba mzigo ule ule uliobeba mara ya mwisho, ili Kitonga ikupe jibu la haki. Mimi karatasi nimeifunga leo, kesho Makambako.